Nilinunua upper ya "mwanaume" hapa Brussels, na aliyenisindikiza alijua haifai akanyamaza

Mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki. Nikatolewa darasa la nne nikaenda kuponda kokoto. Shida zilianzia hapo, na shule ikaishia hapo.

Wakuu, habari za saa hizi. Nimeanza na hilo ili msomi yeyote asije kunisahihishia sentensi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Brussels, na bado damu inachemka.

Nina gereji Anderlecht. Jumamosi huwa naenda club ya kulenga shabaha. Vibali vyangu vyote ni halali, kwa hiyo wale wa "mzee unapigana na nani" wapite kimya.

Club ina timu ya wazee. Miaka yote nimekaa benchi nakula chipsi, nawapigia makofi Wabelgiji. Safari hii captain akaniambia: "Umo kwenye timu. Ila uje na bunduki yako, nzima, siyo hiyo inayotapika."

Reserve wangu akawekwa Deo.

Deo ni Mkongo wa Bukavu, anahudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Ananiita papa, na kwa heshima ananisemesha kwa wingi, kama vile tuko wawili. Mimi namwita mwanangu, ingawa na yeye ana mvi.

Bunduki yangu ni ile inayofunguka nusu mbili. Nusu ya chini haina tatizo. Nusu ya juu, ndiyo hiyo upper receiver inayobeba barrel, yaani mtutu, na bolt inayosukuma risasi ndani, ilikuwa imechoka. Risasi zinatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nikaamua kununua upper mpya.

Desturi yetu mnaijua. Kitu kikubwa huendi kununua peke yako, unaenda na mtu wako. Nikaenda na Deo, maana na yeye anapiga shabaha.

Muuzaji ni Mzungu mzee. Alipotusikia tunaongea, akadakia kwa Kiswahili! Kumbe kazaliwa Kivu enzi za wakoloni.

"Karibu mzee! Habari ya nyumbani?"

Wakuu, Mzungu akikusalimia kwa Kiswahili ugenini, akili inavua viatu inakaa mkekani. Nikacheka naye mpaka nikasahau nilichofuata.

Akaweka upper mbili mezani. Ya kwanza .223, nyeusi, haina mbwembwe. Ya pili .300, barrel nene, rangi ya mchanga, inapendeza hasa.

"Hii ya kwanza ni ya batoto," akasema. "Hii ingine ni ya mwanaume. Risasi yake iko muzito."

Nikamgeukia Deo. "Unaonaje?"

Deo akaangalia viatu vyake. "Papa, kama mumeipenda, bon, iko muzuri."

Nikalipa, kifua mbele. Karatasi zikashughulikiwa, zikatoka na caliber ileile, yaani ukubwa wa risasi, .300.

Ikafika siku ya ukaguzi wa bunduki pale club. Captain akasoma maandishi ya kwenye barrel, akanitazama kama mtu aliyeleta mbuzi kanisani.

Mashindano ni ya .223 tu. Ukumbi wetu nao hauruhusu .300.

Halafu akaongeza neno lililonitoa jasho. Magazine, vile vikasha vya risasi, za hizi caliber mbili ni zilezile, na risasi ya .300 inaweza kuingia kwenye chemba ya .223. Ukichanganya mezani na jirani yako, akipiga, bunduki inampasukia usoni.

"Huyu nje. Deo, chukua nafasi."

Nikamvuta Deo mpaka parking.

"Mwanangu, ulijua?"

"Nilijua, papa. Tangu kule magasin, kwa muzungu."

"Ukanyamaza!"

"Alors, muko mukubwa. Mulisha penda ile kitu. Nitawaambia aje mbele ya muzungu kama munakosea? Kwetu ile ni kukosa adabu."

"Adabu yako imekupa nafasi yangu!"

"Papa, miye sikuiomba. Wamenipatia."

"Kikongwe wako kule kazini akishika dawa siyo yake, unanyamaza?"

"Hapana. Kule iko kazi, papa."

"Na mimi niko nini?"

Akarudi ndani, timu ilikuwa inamwita.

Nikarudi dukani. Mnajua yule Mzungu alinijibu kwa lugha gani? Kifaransa! Kiswahili chote kimeisha, hata "habari" haipo. Upper ikishaandikwa jina lako hairudi, monsieur, au revoir.

Sasa sikilizeni, na wale mnaopiga huko mliko.

Caliber haichaguliwi kwa uanaume. Uliza kwanza utapiga wapi na mashindano gani. Uliza club kabla ya duka.

Ukishajua caliber, ndipo uangalie ubora. Soma caliber kwenye barrel kwa macho yako. Tafuta mihuri ya kuonyesha mtutu umejaribiwa. Toa bolt carrier, kile chuma kinachobeba bolt, angalia skrubu za juu yake kama zimegongwa pembeni zisilegee. Ifunge kwenye nusu ya chini, itikise. Ikicheza kama mlango wa choo, mrudishie kabla hujalipa. Rangi siyo ubora! Hilo nalijua kwenye magari kila siku, sijui siku ile lilikwenda wapi.

Na wewe unayemsindikiza mzee dukani, fungua mdomo. Mvute pembeni, mnong'oneze, mkanyage mguu. Heshima inayomwacha mzee anaingia shimoni siitaki, wapeni wengine.

Nataka maoni yenu, bila kunionea huruma. Deo alinyamaza kwa heshima au kwa ujanja? Mke wangu anasema heshima. Mimi bado.

Nilivyo navyo leo:

Gereji moja, Anderlecht.
Nyumba moja Forest, hapahapa Brussels, nyingine Tanga.
Gari la kuvutia magari mabovu.
Nusu moja ya chini ya bunduki.
Upper mbili, moja imechoka, moja haina pa kupigia.
Nafasi kwenye timu anayo Deo.