Kipimo cha Fundi wa Springi

Fundi wa springi hapimi gari tupu. Lazima ulete mizigo yako na watu wako wote, kisha azunguke taratibu akipapasa kila springi kama anayemgusa mtoto mwenye homa. Leo mteja anataka gari lake la porini liinuliwe inchi sita. Fundi habishi. Analipiga jeki mpaka inchi sita, halafu anamwita mama wa mteja kutoka kwenye benchi.

"Karibu upande, mama."

Mama anashika mlango, anainua mguu, anashindwa. "Mwanangu, mimi utanifunga kwenye keria na magunia?"

Mteja anakuna shingo. Fundi anachuchumaa, anapima kutoka chini hadi kwenye goti la mama.

"Tutaliinua inchi tatu tu," anasema, na spana iko mkononi tayari.