Tembo, Pomboo na Jaribio la Chang'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Mifumo alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha seva, nyuma ya ghala letu la dawa pale Chang'ombe, wilayani Temeke. Kulikuwa na baridi ya kutetemesha, maana mashine zile hazitaki joto. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia nisiguse kitu mpaka nijue kinafanya kazi gani. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kuanzia kazi.

Kampuni yetu ilisambaza dawa kwenye maduka na zahanati za jiji. Kila boksi lililoingia au kutoka liliandikwa kwenye hifadhidata, yaani programu inayopanga kumbukumbu ili uzipate upesi unapozihitaji. Dawa ikigundulika ni mbovu, hifadhidata ndiyo ilituambia maboksi yake yamekwenda kwa nani. Mfumo wetu wa Temeke tuliuita Tembo, kwa sababu ya nembo yake. Ulikuwa programu huria: maandishi yake yako wazi, yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia. Mkuu wa Kitengo aliupenda kama mtoto wake, na mie nikaambukizwa.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Boko, upande wa Kinondoni. Msimamizi wa mifumo wa kule aliitwa Anselm, mtu wa Masasi, mpole, asiyepaza sauti. Wao walitumia mfumo mwingine, huria vilevile, wenye nembo ya pomboo. Kila chai ya saa nne tulibishana upi bora, kama watani wa jadi wanavyobishana kuhusu mpira, na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Niliporudishwa Temeke kuwa naibu wa Mkuu wa Kitengo, utani ulikwisha. Mkurugenzi alitangaza kwamba kampuni haiwezi tena kuendesha mifumo miwili. Ungebaki mmoja, na timu ya mfumo utakaoshindwa ingepunguzwa. Ofisini petu kicheko kilipotea. Zuhura, aliyekaa meza ya jirani, alikuwa mjamzito. Kila simu ya makao makuu ilipoita, aliacha kuchapa na kusikiliza.

Mkuu wa Kitengo ndiye aliyepewa kuendesha jaribio la kupima upi una kasi zaidi, kwa kuwa alikuwa na cheo kikubwa kuliko Anselm. Majibu yalipotoka, Tembo alimwacha Pomboo mbali mno. Anselm alisema kikaoni kwamba tofauti ile haimwingii akilini. Watu wa Temeke wakacheka, mie nikiwa miongoni mwao. Nikapewa kuandika ripoti ya kwenda kwa Mkurugenzi.

Ili niandike vizuri, nilirudia jaribio mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona mipangilio. Tembo alikuwa amepewa karibu kumbukumbu yote ya mashine, sehemu ile ya haraka ambamo programu hufanyia kazi zake. Pomboo aliachwa kama alivyotoka kwa watengenezaji, akijibana kwenye kijisehemu kidogo. Zaidi ya hapo, Tembo alikuwa ameondolewa sharti la kusubiri diski. Kwa kawaida hifadhidata haikwambii "tayari" mpaka diski ithibitishe kwamba imeandika. Ukiondoa sharti hilo, mfumo unakimbia sana, lakini umeme ukikatika, yale uliyoambiwa yamehifadhiwa hayapo. Nanyi mnajua umeme wetu.

Niliisoma mipangilio ile mara ya pili kwenye kioo cha kompyuta. Halafu nikaenda kwa Mkuu wa Kitengo, nikafunga mlango nyuma yangu.

Hakukana. Alisema kila kocha huandaa timu yake, na kwamba Anselm angeweza kuomba kuandaa ya kwake.

"Hakuambiwa kama anaruhusiwa, mzee," nikasema.

Akaniuliza kama nimemfikiria Zuhura. Akanikumbusha ni nani aliyeniajiri, nani aliyenipeleka mafunzoni, nani aliyepigania cheo changu. Yote yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyoniuma.

"Tumeshinda, Mwanaidi," akasema taratibu. "Andika ripoti, nenda nyumbani."

Nilimwambia sitaweka saini. Nikamwomba turudie jaribio kabla ya kikao cha Mkurugenzi, yeye mwenyewe atangaze majibu mapya, nami sitasema neno. Akageukia dirisha. Tangu hapo hata salamu yangu hakuitikia.

Kikao kilipofika, nilisimama mbele ya Mkurugenzi nikaeleza nilichokiona. Sikumtaja aliyeweka mipangilio. Nilisema tu kwamba mifumo haikupewa hali sawa. Hata hivyo kila mtu alijua. Mkurugenzi alivua miwani.

"Bi Mwanaidi, unaniambia timu yako imeshinda isivyo halali?"

"Nakuambia bado hatujui nani ameshinda."

Akaamuru jaribio lirudiwe palepale Chang'ombe. Mashine moja, kumbukumbu zilezile za dawa, kila mfumo uandaliwe na mtaalamu wake, na yote miwili isubiri diski. Anselm aliongeza ombi moja: katikati ya kazi, umeme uchomolewe.

Chumba kile cha baridi kilijaa watu. Meneja wa ghala ndiye aliyechomoa waya, kwa kuwa hakuwa wa upande wowote. Alianza na Tembo. Mashine ikanyamaza, kisha ikawashwa tena, nasi tukasubiri huku Mkuu wa Kitengo akiuma mdomo. Kumbukumbu zote zilikuwepo. Ikaja zamu ya Pomboo. Anselm alikuwa amefumba macho. Za kwake nazo zilikuwepo zote.

Kwa kasi, Tembo alishinda kwenye ripoti ndefu zinazounganisha mambo mengi. Pomboo alishinda kwenye maswali mafupi yanayokuja mfululizo, na maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyojaza siku nzima ya kampuni yetu. Mkurugenzi akachagua Pomboo.

Zuhura aliondolewa pamoja na wengine. Alikusanya vitu vyake akapita mezani kwangu bila kunitazama. Mkuu wa Kitengo aliacha kazi mwenyewe. Mie nikabakizwa chini ya Anselm, nikajifunza mfumo ambao sikuutaka, na nikautunza mpaka nilipostaafu. Wapo Temeke ambao hadi leo wananiita msaliti.

Sasa naishi Madale. Vijana huja kuniuliza upi bora, Tembo au Pomboo, nami huwauliza kwanza wana kazi gani. Wengi huondoka hawajaridhika.

Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu, simu iliita. Ilikuwa sauti ya Mkuu wa Kitengo. Nikasema shikamoo, na safari hii akaitikia. Alikuwa na ofisi yake ndogo Mbagala, na zahanati moja imemwomba aichagulie hifadhidata. Alitaka nikasimamie jaribio lake.

Nikamuuliza kama amesahau yaliyotokea.

"Sijasahau," akasema. "Ndiyo maana nimekupigia wewe."