Fimbo ya Guku Ilipolala

Nilipopewa fimbo ya Guku niilaze juu ya kaburi lake, ilinukia moshi na samli aliyokuwa akiipaka. Harufu ile ilinirudisha kwenye mvua moja ya utotoni ambayo iliniacha sielewi kitu.

Guku ni babu yangu mzaa baba. Alihamia Kakese na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki tangu alipokanyagwa na dume. Alikuwa na neno lake: fimbo ya mzee hailazwi ila siku mwenyewe amelala moja kwa moja. Wajukuu tuliliogopa neno hilo.

Siku hiyo tulikuwa porini tukimtafuta mtamba aliyepotea. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kuumwa malaria, na mama alikuwa amesema nisinyeshewe hata kidogo. Wingu likatukuta mbali na nyumba. Guku akalitazama, akanitazama mimi, kisha akaweka ncha moja ya fimbo kwenye panda ya mti mfupi na nyingine akaichomeka ardhini.

Nikaanza kulia. Kwa akili yangu, fimbo imelala, basi Guku anakufa.

"Unalia nini wewe? Lete matawi!"

Nikaleta huku nalia. Aliyaegemeza pande zote mbili za fimbo, tukaezeka nyasi. Mimi nikaanzia juu.

"Anza chini! Maji yanateremka, hayapandi. Mwenye nyumba gani wewe?"

Nikaingia kwa kutambaa, nikalalia majani makavu. Mvua ikashuka kwa kishindo. Guku akabaki nje, ameketi mlangoni, mgongo wake ukiziba upepo.

"Guku, ingia! Utakufa!"

"Nife na ng'ombe wangu hajapatikana? Lala huko."

Nilidhani amenikasirikia, ila sikujua kosa langu. Mvua ilipokatika akaomba fimbo yake. Nikaichomoa, kibanda chote kikaniangukia, naye akacheka mpaka akakohoa. Akaishika kwa mikono miwili, akajivuta taratibu hadi akasimama.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Kibanda kile kilikuwa na urefu wa fimbo tu, na kwa goti lile asingeweza kutambaa kuingia. Alilijua hilo tangu anaiweka kwenye panda.

Pale kaburini baba aliniambia, "Ilaze, mama, watu wanasubiri." Nikainama. Mikono yangu ilikuwa bado inatafuta mahali pa kuegemeza ncha moja.