Norwe ya Bibi

Mwaka huu nilirudi Riyadh, mtaa wetu wa zamani wa Malaz, mwenzangu, na wa kwanza kunitonesha kidonda alikuwa dereva wa teksi. Mtu wa Yemen, wa makamo, mcheshi. Kaniuliza natoka wapi, nikamwambia Norwe. Akazima redio. "Norwe! Hebu nihadithie, ikoje?" Nami nikaanza: ni nchi ndefu, nyembamba, huku milima na huku bahari, na bahari yenyewe haikutosheka na mahali pake, imeingia mpaka ndani ya milima kama mgeni asiyebisha hodi. Hapo nikasita. Maneno yale hayakuwa yangu. Nimesoma kule, nimezaa kule, na mpaka leo nikiulizwa nchi ile ikoje, anayejibu ni bibi yangu, mama yake baba, ambaye hakuikanyaga hata siku moja.

Nyumba yetu ilikuwa fleti ya ghorofa ya pili, juu ya bakala, duka la vyakula, la mtu wa Hadhramaut. Bakala sasa limekuwa duka la kutengeneza simu, na ngazi wamezipaka rangi ya kijivu, siipendi. Nilisimama pale chini nikavuta pumzi kwa pua. Mjinga mimi, nilitaka kunusa nini? Zamani Ijumaa asubuhi bibi akipika vitumbua, harufu ya iliki hushuka mpaka barabarani, na mwenye bakala huita kutoka chini, "Ya hajja, sehemu yangu!" Bibi humjibu kwa Kiswahili kwamba wenye nyumba hawajala bado. Yule bwana haelewi hata neno, na vitumbua anapata vilevile. Kazi yangu mimi ilikuwa kufuta vumbi. Vumbi la Riyadh unalijua? Unalifuta asubuhi, adhuhuri limeshakaa tena pale pale kama lina ikama, kibali chake cha kukaa nchini. Shuleni tulisoma kwa Kiarabu na mtaani tukicheza kwa Kiarabu, lakini ukivuka kizingiti chetu, Kiarabu unakivua pamoja na viatu. "Hapa ndani ni Unguja," bibi akisema, "nje huko shauri yenu." Alitoka Unguja baada ya mapinduzi, baba yangu mgongoni, na hakurudi tena.

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya mafuta. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, kafili wake, yule mdhamini aliyemwajiri, alimwambia mkataba ukimalizika, halas, hakuna mwingine. Na sote, mama, bibi, kaka yangu na mimi, tulikuwa tunaishi nchini kwa ikama ya baba. Nyumba ikaingia baridi kabla hatujaijua baridi. Ndipo kampuni moja ya Norwe ikamwita kazini. Siku hiyo alirudi na ramani kubwa, akaibandika sebuleni, akatutangazia kwamba kila siku baada ya isha tutasoma nchi tunayokwenda. "Sitaki tufike kwa watu kama vipofu," alisema.

Kaka na mimi tulisinzia. Mwanafunzi alikuwa bibi. Alikaa mbele kabisa, ungo wa mchele mapajani, akichambua na kudaka kila neno. Na kwa kuwa nchi yeye aliipima kwa chungu chake, swali la kwanza lilikuwa wanakula nini. Baba akamwambia kule kaskazini samaki huwatundika nje juu ya miti miezi ya baridi, mpaka upepo uwakaushe. Bibi akauweka ungo chini. "Ng'onda!" akasema. "Wana ng'onda! Alaa, basi hao ni watu." Tangu siku hiyo Norwe ikawa yake, na sisi tukawa tunaazima tu.

Lililomkera ni jua. Aliposikia kwamba kule juu kabisa wakati wa kiangazi jua halitui, na wakati wa baridi halichomozi, alikasirika kama aliyetukanwa. "Nchi haina magharibi! Watu watafuturu saa ngapi, wee?" Baba akaenda kuuliza kwa watu, akarudi na jibu kwamba Waislamu wa huko wengine hufuata saa za Makka. Bibi akatulia. "Kumbe wanatutazama sisi," akasema. "Basi sawa."

Mambo ya kale aliyapenda kuliko sisi tulivyopenda katuni. Kwamba wazee wao walikuwa mabaharia wakali, wakivamia miji ya watu na kurudi na mali. "Wezi," alisema bibi, akaendelea na mchele wake. Kwamba baadaye wakatawaliwa na majirani zao, huyu akiondoka anaingia huyu. Kwamba walikuwa masikini wa kutupwa, wengine wakilima vishamba vilivyoning'inia juu ya majabali, hata mama huwafunga watoto kamba wakicheza nje, wasije wakaporomoka baharini. Hapo bibi alisema masikini wa Mungu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Na kwamba wengi mno walipanda meli wakaenda Amerika kutafuta maisha, wakaacha wazazi nyuma, na wengi hawakuonana tena. "Na wao pia?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo si yake. Baba akaharakisha kufika kwenye mafuta yaliyopatikana chini ya bahari yao, na jinsi neema ilivyowafungukia, nasi tukacheka, maana hadithi hiyo tulikuwa tunaishi ndani yake.

Desturi zao alizichagua kama anayechagua nyanya sokoni. Viatu huvuliwa mlangoni: nzuri hiyo. Baridi ikikatika majirani hutoka siku moja, wakafagia uwanja na kupaka rangi pamoja, kisha wakanywa kahawa: "Msaragambo huo, kwetu upo." Watoto wachanga hulazwa nje kwenye baridi, ndani ya vigari vyao: hapo alisema mtu anayefanya hivyo akasomewe. Aliambiwa pia kwamba kule watu hawamsalimu wasiyemjua. Akacheka sana. Alisema hawajakutana na yeye.

Ili kuizoea baridi tulikuwa tukishindana kutia mkono kwenye friza. Kaka alitoa wa kwanza, mimi wa pili. Bibi alibaki na mkono wake mle ndani, anasoma kulhuwallahu polepole, akitutazama kwa dharau. Akajinunulia na soksi za sufu, akawa anazivaa nyumbani kiyoyozi kikiwa kimezimika, jua la Riyadh nje linakaanga watu. Mama alimwambia atapata vipele. Wapi! Alikuwa ameshahama, mwenzangu, mwili tu ndio uliokuwa Malaz.

Baba alirudi na jibu la viza alasiri moja. Alikaa kwenye takia na viatu vyake miguuni, na hilo peke yake lilitosha kututia hofu. Viza zimetoka, alisema. Yake, ya mama, na zetu sisi watoto.

"Na yangu?" aliuliza bibi.

"Mama, kule familia ni mume, mke na watoto wao wadogo. Basi."

"Na mimi ni nani?"

Bibi aliigeukia ile ramani, akasema, "Katika yote uliyotusomesha, mwanangu, hili hukutusomesha."

Baba akaapa kwamba hatuendi. Akasimama, akaanza kubandua ramani ukutani. Bibi alimpiga kofi la mkono, kofi hasa, yeye mtu mzima na ndevu zake. "Usiniletee upuuzi! Hapa ikama zinakwisha, watoto hawa watasoma wapi? Mimi nilipokubeba mgongoni, mamaangu nilimwacha amesimama mlangoni. Hakunizuia. Na mimi sikuzuii. La kuvunda halina ubani. Haya, chakula kinapoa." Chakula kilipoa. Hakuna aliyekigusa, na hiyo ndiyo siku ya mwanzo niliyomwona baba yangu analia.

Tulimpeleka Jeddah kwa gari, siku nzima ya jangwa, kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa na raia wa huko. Walikaa mtaa wa Al-Hamra, si kwenye yale majumba ya matajiri, bali fleti ya chini nyuma yake, karibu na bahari hata shuka zilikuwa na unyevu. Asubuhi ya kuondoka bibi alinisuka. Alivuta nywele mpaka machozi yakanitoka, nikashukuru, maana nilipata sababu. Huku ananisuka ananiuliza: mji mkuu? Jirani zao nani? Milima iko upande gani? Nikikosea anavuta zaidi. Uwanja wa ndege hakuja. Alisema sakafu yake inateleza.

Norwe ilikuwa kama tulivyosomeshwa, ila hapakuwa na mtu wa kumgeukia ukamwambia, "Umeona? Kweli bwana!" Mara ya kwanza kuona wale samaki dukani mama alinunua, akawapika kwa nazi, tukala kama watu wa matangani. Kila Ijumaa tulipiga simu Jeddah. Bibi hali zetu hakuziuliza kwanza, aliuliza theluji. Imeshuka? Imefika wapi, magotini? Nani anaiondoa? Dirishani unaona nini? Mara mbili baba alimwombea viza ya kuja kututembelea tu, na mara mbili alinyimwa. Walihofu kwamba akija hatarudi. Na kweli, wallahi, asingerudi.

Alifariki wakati wa baridi, akazikwa siku ile ile kama inavyotakiwa. Shangazi alipotupata kwenye simu, mama yake alikuwa ameshafukiwa. Baba aliweka simu mezani, akachukua koleo, akatoka kuondoa theluji mlangoni. Akaondoa yetu, akaondoa ya jirani, akaendelea na njia kuelekea barabara kubwa, bila kofia wala glovu. Yule jirani, ambaye miaka yote alikuwa anatupungia mkono tu, akatoka na koleo lake akaanza kuchimba kando yake. Walichimba mpaka giza.

Tangu hapo kile Kiswahili cha nyumbani kimekuwa kinapungua kama maji ya mtungi. Nani atakivulia viatu? Wanangu wanamjua bibi kwa picha moja, wanasema ana macho makali. Ningependa wangelisikia lile kofi la mkono. Ningependa wangepikiwa, wakafokewa, wakaitwa majina. Mimi vitumbua vyangu vinatoka vigumu, nimeshaacha kujaribu.

Basi siku ya mwisho ya safari hii nilikwenda Jeddah, Al-Hamra, kuiangalia ile fleti. Shangazi alihama baada ya msiba. Nilitaka tu kuliona dirisha. Nikawa nimesimama barabarani nampigia simu shangazi, namwuliza kama ndiyo nyumba yenyewe, mara akatoka dada mmoja kwenye geti la jumba la pili na mfuko wa takataka. Aliposikia lugha akasimama.

"Wewe ni Mkenya?"

Nikamwambia hapana, asili yangu Unguja, ila nakaa Norwe. Mfuko ukamponyoka.

"Norway! Ngoja. Wewe ndio mjukuu wa nyanya? Aki, umefanana na yeye!"

Alikuwa amefanya kazi katika jumba lile miaka mingi. Jioni akitoka kutupa taka, bibi alikuwa akimwita mlangoni kwake, akamtilia kahawa, wakazungumza kidogo kabla madam hajaita.

"Alikuwa ananiambia hapa kwa binti yake amekuja kutembea tu," alisema. "Kwake ni Norway. Ati dirisha lake linaangalia mlima. Ati iko mzee jirani anamletea samaki, na yeye anampelekea maandazi. Na asubuhi wewe ndio unamtolea theluji kwa mlango ndio apite. Mimi nilikuwa namuuliza, sasa nyanya, unarudi lini? Ananiambia, ikiyeyuka."

Yeye akaendelea, anacheka, amefurahi kuniona kama ndugu yake.

"Halafu madam akanipeleka Riyadh kwa mamake, nikakaa huko karibu mwaka. Kurudi, napata hapa wamehama. Nikasema, haya, nyanya amerudi kwake. Nilifurahi, lakini pia nililia, juu hatukuagana." Akanishika mikono yote miwili. "Niambie, anaendeleaje huko?"

Ndani ya geti sauti ya mwanamke iliita, yalla, yalla. Yule dada hakugeuka. Alikuwa ananitazama usoni, anangoja.

"Hajambo," nikamwambia. "Yuko nyumbani."

"Asante Mungu! Msalimie sana. Mwambie ni yule msichana wa takataka. Atacheka."

"Atacheka," nikasema. "Atacheka sana."