Tela Niliyoisainia Bila Kuizunguka

Haya mambo nimeyaficha miaka mingi, na wale waliokuwepo nikiwaona mjini nilikuwa navuka barabara nipite upande wa pili, lakini leo nayasema mwenyewe kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisimuliwa vibaya. Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa dereva wa lori kubwa, kichwa na tela, pale mtaa wa Gikondo, kwenye maghala ya mji mkuu, na si dereva tu: tajiri mwenye malori alikuwa amenipa kazi ya kuwafundisha madereva wenzangu kukagua gari kabla halijatoka. Lizunguke gari, gusa nati, lala chini uangalie mipira ya upepo wa breki, ndipo uandike kwenye daftari. Wenzangu waliniita Mwalimu, na mimi (sifichi) nililipenda jina hilo.

Siku yenyewe ilikuwa ya ndoa ya Hadija, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye niliyekuwa walii wake, yaani bila mimi sheikh hafungi ndoa, na watu walialikwa baada ya alasiri nyumbani kwetu Rwezamenyo. Lakini kulikuwa na mzigo wa saruji wa kupeleka Remera, upande wa Gisimenti, na madereva walikuwa wachache, maana barabara ya mpaka wa Gatuna ilifungwa kwa vita na wengi walikuwa safarini kupitia mpaka wa Rusumo. Nikasema nitaupeleka mimi, nishushe, niende moja kwa moja kwenye ndoa, na ili nisirudi nyumbani kubadilisha nguo nikavaa kanzu kabisa, mpya, nyeupe, imepigwa pasi na mke wangu Mwajuma hata unaogopa kukaa.

Sasa mtu wa kanzu kama ile atalalaje chini ya tela? Nikapanda polepole nimeikusanya kama bibi harusi, nikachukua daftari, nikaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti: breki sawa, matairi sawa, taa sawa. Nikasaini. Hata nyuma ya tela sikufika, kwa sababu kulikuwa na tope.

Nilipoanza kupanda mlima, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, moja, mawili, yakapokezana, nami nikadhani wameiona kanzu dirishani wakajua kuna harusi. Nikatoa mkono nikawapungia. (Msicheke bado.)

Katikati ya mlima kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari. Miaka ile kila bariyeri ilikukausha mate hata kama karatasi zako zote zilikuwa safi, na askari jandarme aliyetusimamisha aliniambia nizime moto nishuke na vitambulisho. Nikavuta breki ya mkono, ambayo kwenye lori lile ilitegemea upepo uleule, nikazima, nikashuka. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi, akauliza ni dereva gani anabeba saruji amevaa hivi. Bado namweleza habari za Hadija, nikasikia sauti kama ya mtu anayepuliza kupitia meno, na sauti ile niliijua. Upepo wa breki ulikuwa unatoka, na injini imezimwa, hakuna mwingine unaoingia.

Tela ikaanza kurudi nyuma, ikikivuta na kichwa cha lori. Taratibu sana, kiasi kwamba kwanza nilidhani ni kichwa changu kinachozunguka. Nyuma yake palikuwa na pikapu ya akina mama wachuuzi waliotoka sokoni, dereva wao ameshuka kuonyesha karatasi zake. Jandarme akapiga kelele, akina mama wakaruka, mabeseni yakaanguka, maparachichi yakateremka mlima, lakini bibi kizee mmoja miguu haikumruhusu kuruka, akabaki ameshika ukingo wa pikapu anaiangalia tela inavyomjia. Na mimi nilisimama. Mwalimu wa breki nilisimama nimeshika kanzu.

Aliyefanya kitu ni mama mmoja kati ya walioruka, wa makamo, mfupi, mtoto mgongoni. Alinyanyua jiwe la pembeni mwa barabara akalisukumiza chini ya tairi, wenzake wakaleta mengine, tela ikalipanda la kwanza kidogo, ikasita, ikatulia. Kati yake na pua ya pikapu ungepitisha mkono tu.

Yule mama akapangusa mikono, akanijia.

“Weye iko navaa nguo ya kusali,” akasema kwa sauti ya chini, “na gari haukuangalia. Sisi iko nasoma pale nyuma toka kule chini. Weye haukusoma?”

Ndipo nikaenda nyuma. Kwa chaki, kwa mwandiko wa Fundi Laurent wa gereji yetu, kwa herufi kubwa kama mlango: FERI MBAYA. ISITOKE. Feri ndiyo breki, na zile honi zilikuwa za maandishi hayo.

Jandarme akachukua daftari akasoma kwa sauti, na kila alipofika kwenye “sawa” aliinua macho. Akaniuliza nilikuwa wapi nilipoandika. Nikamwambia nilikuwa nimekaa. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia nilale chini nimwonyeshe hizo sawa, moja moja. Basi nikalala, kanzu na yote, watu wamejaa, nikawa nataja kama mwanafunzi: mpira wa upepo umesuguana na chuma mpaka umepasuka, umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli; nati mbili hazipo; taa ya kushoto imekufa. Aliponiruhusu kutoka nilikuwa mweusi kuanzia kifuani.

Fundi Laurent aliletwa kwa pikipiki na mpira mpya. Alipomaliza kuufunga akaniuliza, “Mwalimu, haukuzunguka?” Akakusanya spana zake, akapanda pikipiki.

Rwezamenyo nilifika karibu na magharibi, na habari ilikuwa imenitangulia, tena imekua: Hadija alikuwa ameambiwa nimeua watu. Nilimkuta macho yamevimba. Hakuuliza kwa nini nimechelewa, aliuliza yule bibi kizee yuko salama, na nilipomwambia yuko salama akaingia ndani bila kuniangalia. Sheikh akanionyesha mahali pa kukaa. Nilipoushika mkono wa bwana harusi, wangu ulikuwa bado mweusi wa grisi, akaufunika kwa mkono wake wa pili ili watu wasione.

Tangu siku ile nimeapa, siandiki “sawa” kwa kitu ambacho sijakigusa, hata anisubiri nani. Siku chache baadaye nilimtafuta yule mama sokoni kumwomba radhi. Alinisikiliza huku anapanga maparachichi yake, mtoto amelala mgongoni, halafu akauliza, “Leo umeangalia?”

Nikasema ndiyo. Akavitazama viganja vyangu. Nikakumbuka kwamba kwa haraka ya kuja kwake sikuyagusa magurudumu ya nyuma ya kushoto. Nikamuaga, nikarudi nilipoegesha lori, nikapiga magoti kando ya magurudumu hayo.