Mtani Alipokula Ndizi za Maonyesho

Mwanangu, kila Nane Nane inapokaribia na vumbi la Agosti kuanza kupanda, huwa naikumbuka siku moja ambayo Mjomba, kaka yake mama, alishuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi kisukari wa kushindanishwa kwenye maonyesho. Aliupakata kwenye lori njia nzima, ameufunga kwa khanga ya mkewe, na mashimo yote ya barabara ile aliyapokea kwa magoti yake. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule, nakaa na mama hapa hapa Mafiga. Milima ya kwetu niliiona kila asubuhi, lakini desturi za huko nilizijua nusu nusu.

Mshindi wa matunda angepewa baiskeli. Mjomba alizoea kubeba ndizi kichwani kutoka shambani mpaka barabarani, na shingo ilikuwa imeanza kumsumbua. Hakuitaja sana hiyo baiskeli. Ila kila tulipopita pale uwanjani ilipoegeshwa, mkono wake uligusa kiti.

Tuliutundika mkungu mbele ya banda la kijiji chake. Majaji wangepita mchana. "Twende tukale," Mjomba akasema. "Ndizi hazina miguu."

Basi tukazunguka. Tulianza na muhogo wa kukaanga, uliopasuliwa katikati na kujazwa chumvi na pilipili, tukaja kwenye mishikaki, tukashushia na juisi ya miwa yenye ndimu. Tulimwona ng'ombe wa maziwa mwenye kiwele kikubwa hata Mjomba akainama kuchungulia, akamuuliza mwenyewe anamlisha nini, anamkamua saa ngapi, na nyumbani wote hawajambo? Ndivyo alivyokuwa. Hakupita banda bila salamu, na karibu kila salamu ilituletea kitu cha kuonja. Mpaka leo nikisikia harufu ya mishikaki hewani, naisikia na sauti yake.

Tuliporudi tulimkuta mzee mmoja amekaa chini ya mkungu wetu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya ndizi. Chana ya juu ilikuwa imebaki nusu. Alikuwa Mnyamwezi, mrina asali wa banda la jirani.

"Mluguru!" akaita. "Ndizi zako mbaya. Nimekula nyingi ili nihakikishe."

Nikapandwa na hasira. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Mzee akanitazama, akamgeukia Mjomba: "Ulimi wa binti yako mkali kuliko nyuki wangu."

Watu wakacheka. Mimi nikapaza sauti: "Majaji hawajapita!"

Ndizi ikasimama kabla ya kufika mdomoni. Kumbe alidhani wameshapita. Aliutazama mkungu, akaishusha ile ndizi magotini. Sijapata kumwona mtu mzima akinywea vile.

Mjomba naye aliutazama mkungu. Kisha akatupa jicho kule ilikoegeshwa baiskeli. Halafu akanyoosha mkono, akanyofoa ndizi kutoka chana iliyokuwa bado nzima, akampa.

"Kula, Mnyamwezi. Huko Tabora mnakula asali tupu, ndiyo maana mmekauka hivyo."

Mzee akacheka, polepole mwanzoni, kisha kwa sauti, akakimbilia bandani kwake kuleta asali. Mjomba akanivuta pembeni. "Yule ni mtani wetu," akaniambia. "Mtani akichukua chako, unamtania, nawe unachukua chake. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Sasa utatoa faini: wagawie watu ndizi zote. Anza na yeye, na umwamkie."

Nikaenda na ndizi mkononi, uso umenishuka. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, nyuki," akajibu.

Majaji walipofika, mkungu ulikuwa umebaki kikonyo tupu kinaning'inia. Mmoja akauliza maonyesho yetu yako wapi. Mjomba akamwonyesha watu waliokuwa wakilamba asali vidoleni. Baiskeli ikaenda kwa mtu wa mananasi. Jioni Mjomba akapanda lori na chupa ya asali, na msimu uliofuata aliendelea kubeba ndizi kichwani. Sitakudanganya kwamba haikumuuma. Ilimuuma. Lakini mbele ya yule mzee hakuonyesha, hata kwa jicho.

Mwanangu, kesho unakwenda Nane Nane na wenzako. Kula, zunguka, piga picha zako. Nasaha yangu ni hii: ukikuta chako kimeliwa, mtazame kwanza aliyekila, ndipo ukitazame kilicholiwa. Chakula kikishaliwa hakirudi. Jambo ambalo bado liko mikononi mwako ni namna mtu yule atakavyoondoka mbele yako, kichwa chini au anacheka. Wapo watakaokuonea kweli, na hasira yako uwawekee hao. Na uwaulize wakubwa watani wako ni akina nani, usije ukajifunza kama nilivyojifunza mimi, mbele ya uwanja mzima.

Nenda salama. Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na mdomo usiochoka kusalimia, na popote utakapokaa kula, usikose wa kula naye.