Mikono ya Wenzangu Kwenye Mfuko wa Chumvi

Namshukuru Mungu aliyenifikisha kwenye uzee huu, macho yangu yakiwa bado yanaliona ziwa kila asubuhi. Sifa ni zake kabla sijasema langu.

Uasi ulipofika Uvira, miaka michache baada ya uhuru, nilikuwa mpagazi katika bandari ya Kalundu. Tulikuwa kundi dogo chini ya kapita mmoja, msimamizi wetu na mzee wa kanisa, ambaye hakuturuhusu kugusa mzigo kabla ya sala. Mke wangu alikuwa kwa wazazi wake Kiringye, karibu kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Habari zikaja kwamba vita vinaingia bonde la Ruzizi, huko huko Kiringye. Nilitaka kumfikia kabla barabara haijafungwa. Lakini waasi walioshika bandari walikataza mtu yeyote kuacha kazi. Aliyeaga alionekana adui.

Nilimweleza kapita tukiwa wawili ndani ya depo ya mizigo. Akasema, "Mwanangu, kuna mfuko wa chumvi wa kupeleka dukani Kimanga. Utaubeba weye. Ukishautua, usirudi."

Tulikuwa na desturi yetu. Mpagazi aliyeacha kazi aliiweka chini ngata yake, ile pete ya kitambaa inayokaa kichwani chini ya mzigo. Wenzake waliiombea, wakampa atakayeshika nafasi yake. Siku ile nisingeweza kuiacha. Nani hubeba chumvi kwa kichwa kitupu?

Mbele ya wenzangu, kapita aliichukua ngata yangu, akaibana kwapani, kisha akavua yake na kunivika. Ilikuwa bado na joto lake. Hapo wakaelewa kwamba naondoka. Hakuna aliyenipa mkono, waasi wasije wakajua.

Mfuko mmoja hutwikwa na watu wawili. Siku ile walikuja wote. Kila mmoja aliweka kiganja chake, hata yule niliyekuwa sisemi naye tangu tugombane. Mlinzi mwenye bunduki pale langoni akacheka.

"Weye! Mufuko moja, watu wote hao?"

"Chef, huyu iko muzaifu," akajibu yule mgomvi wangu. "Bibi yake haiko, anajipikia mwenyewe. Ona shingo yake!"

Mlinzi alicheka zaidi, akanipungia mkono nipite. Nyuma yangu nikamsikia kapita akianza sala ya kazi, ambayo tulikuwa tumekwisha kuiomba asubuhi. Sikugeuka, kwa mfuko ule kichwani nisingeweza. Nikaitikia amina kimoyomoyo, nikaendelea kutembea.

Niliutua Kimanga, nikashika njia ya kaskazini, ngata mkononi. Nilimkuta mke wangu ameketi mlangoni, vitu vyake vimefungwa tayari. Tuliondoka pamoja, na mtoto akazaliwa njiani, katika nyumba ya watu tusiowajua. Hatukuwa na mto. Tulikilaza kichwa chake juu ya ile ngata.

Amani iliporudi, nilikwenda Kalundu kuwashukuru. Depo ilikuwa na wapagazi wengine, vijana, na hakuna aliyejua kapita na watu wake walielekea wapi. Nilisimama pale langoni, nikamshukuru Mungu kwa kila mkono uliougusa ule mfuko.

Nawe unayesoma, Bwana akupe watu wa kukutwika siku mzigo wako utakapokuwa mzito, na akufikishe salama kwa wanaokungoja.